Waya wa Chumba cha Nyuma

Ujumbe wa Adhiambo ulinikuta nimelala chali chini ya meza ya mhasibu wa hospitali moja, nikitafuta waya uliokatika. Aliandika maneno matatu tu, maana hajawahi kuwa mtu wa kupoteza maneno: Mama Simiyu ametuacha. Nilibaki pale chini nikitazama vipande vya chingamu ambavyo watu walikuwa wamebandika chini ya meza ile kwa miaka mingi, mpaka vijana ninaofanya nao kazi wakaanza kuinama. "Madam, umeipata?" waliniuliza. Nikawaambia bado. Jioni nilipofika nyumbani sikuvua hata viatu. Nilivuta droo ya chini ya kabati, nikatoa karatasi ya printa za zamani, ile yenye matundu pembeni, iliyokunjwa mara nne, wino umeshaanza kufifia. Karatasi hiyo ni ya mwaka wa tisini na tisa, na haikupaswa kuwa kwangu. Ilipaswa kuwa kwa Mama Simiyu. Kila nilipokwenda kumtembelea kwake, mtaa wa Tena, niliitia mkobani ili nimpe, na kila mara nilirudi nayo nyumbani.

Habari za kwetu nitaziruka. Ni kama za kila mtu, na waliohusika wangali hai na wana midomo. Itoshe kusema kwamba mwaka huo nilikuwa na miaka ishirini, nimemaliza shule, nimepita, nangoja barua ya chuo kikuu. Siku hizo ukipita ulikaa kungoja mpaka uanze kusahau ulichosoma. Sikutulia. Nilikuwa nikiamka naenda dirishani, natoka dirishani naenda mlangoni, naambiwa nikae, nakaa, nasimama. Mtaa mzima ulikuwa umejaa watu wa rika langu wanaongoja kitu, wameegemea kuta, na mimi kuegemea ukuta kulinishinda. Basi niliposikia kwamba Mwalimu Nyamweya, aliyekuwa karani wa baraza la jiji, amefungua chuo cha kompyuta sebuleni mwa Mama Simiyu na anatafuta mtu wa kuwaonyesha wanafunzi jinsi ya kushika kipanya, nilifika kabla hajamaliza kutundika kibao. Adhiambo alikuwa ameshafika. Alinitazama kutoka juu hadi chini, akasema, "Sasa. Unajua kompyuta ama umekuja kuona stima?" Nikamwambia najua kidogo. "Poa, mimi pia najua kidogo. Tukijumlisha tutakuwa tunajua." Tuliajiriwa wote wawili siku hiyo.

Nyumba ile naijua mpaka leo kwa vidole. Sebule ilikuwa na kompyuta nne juu ya meza za kulia chakula, kila moja imefunikwa kitambaa cha kufuma, maana Mama Simiyu hakuweza kuona kitu kikikaa uchi nyumbani mwake. Alikuwa mjane wa mtu wa reli. Walikuwa wameishi miaka mingi kwenye nyumba za reli kule Muthurwa kabla ya kununua hii ya Tena, na bado aliongea kwa sauti ya mtu aliyezoea kushindana na treni. Baada ya kukodisha sebule alibaki na jiko, vyumba vya kulala, na chumba kidogo cha nyuma alichokiita ofisi. Ofisi hiyo ilikuwa na kitanda cha wageni, picha ya Simiyu akiwa na sare ya shule, na simu nyeusi juu ya kigoda, nayo imevikwa kitambaa. Laini ya simu iliingilia sebuleni, kwenye soketi iliyokuwa nyuma ya kompyuta ya kwanza, na hapo Mwalimu alikuwa amechomeka modemu. Kutoka kwenye soketi hiyo hiyo waya mwembamba ulitambaa chini ya ukuta, ukapita chini ya zulia la koridoni, ukaenda mpaka kwenye simu ya chumba cha nyuma. Laini ilikuwa moja, ya Mama Simiyu, na mapatano yake na Mwalimu yalikuwa mafupi: siku za kazi chuo kinaweza kuitumia, lakini Jumamosi kuanzia saa tano mpaka saa nane asiiguse mtu. Hiyo ilikuwa saa ya Simiyu.

Simiyu alikuwa mwanawe wa pekee, na alikuwa India akisomea uhandisi. Alipiga kila Jumamosi saa sita mchana kutoka kibanda cha simu cha barabarani, kwa hiyo yeye aliweza kumpigia mama yake lakini mama hakuwa na namba ya kumpigia. Sisi tulimjua kwa picha na kwa jina la mama yake tu. Nilikuwa nikifikiria jinsi kila aliyemwita yule mama alikuwa anamtaja mwanawe, hata mwuza maziwa. Halafu Jumamosi moja ya Julai, mimi na Adhiambo tukiwa tumekuja kupangusa mashine, simu ikalia nyuma, na baada ya muda tukasikia kila kitu kupitia ukuta. "Umeacha? Umeacha na nani alikwambia uache?" Akasikiliza jibu. "Hoteli? Nimekupeleka kuvuka bahari ukaoshe sahani za watu?" Akasikiliza tena, kisha sauti ikashuka, na hiyo ndiyo iliyotutisha. "Usinipigie simu tena mpaka akili ikurudie." Mkono wa simu ukagonga. Adhiambo alinikazia macho na kidole mdomoni, kana kwamba mimi ndiye niliyekuwa naongea. Dakika kumi baadaye Mama Simiyu akatoka na sinia la chai na mandazi, uso umekauka, akatuuliza kama mandazi yana sukari ya kutosha. Tulisema ndiyo. Hayakuwa na sukari kabisa, alikuwa amesahau.

Wiki iliyofuata alianza kukaa. Jumamosi ikifika saa tano aliingia chumba cha nyuma, akaketi ukingoni mwa kitanda, na hakutoka mpaka saa nane. Simu haikulia Jumamosi hiyo, wala iliyofuata. Hakutuambia neno, nasi hatukuuliza. Tulimhurumia, nakiri, lakini tulimhurumia jinsi vijana wanavyowahurumia watu wazima, yaani kwa muda wa kumaliza kikombe cha chai.

Maana sisi tulikuwa na shughuli yetu. Mwezi wa Agosti Adhiambo alikuja na disketi aliyopewa na binamu yake anayefanya kazi mjini, na ndani yake mlikuwa na programu ambayo sijawahi kuona tena kitu cha kunitia wazimu kama ile. Chuo kikuu kimoja ng'ambo kilikuwa na sahani kubwa ya kunasa mawimbi ya redio kutoka angani. Mvumo wote ulionaswa ulikatwa mafungu madogo, na mtu yeyote duniani aliyejitolea kompyuta yake alitumiwa fungu moja. Kompyuta ililichambua wakati haina kazi nyingine, ikitafuta kama katikati ya mvumo kuna mlio uliotumwa kwa makusudi na mtu, au na chochote kinachoishi huko. Ikimaliza inapiga simu kupitia modemu, inarudisha jibu, inapokea fungu jingine. Ukirudisha hata moja tu, jina lako linaingia kwenye orodha ambayo dunia nzima inaweza kuisoma. Tulijiandikisha kama Wasichana wa Tena. Mama Simiyu alipoona michoro ya rangi ikicheza kwenye kioo alitaka kujua ni nini, na Adhiambo akamweleza.

"Mnatafuta malaika na kompyuta?" aliuliza.

"Si malaika, Mathe. Ni watu wa huko juu."

"Watu wa huko juu ndio malaika. Na wakitaka kukuambia kitu hawapigi simu."

Mashine yetu ilikuwa nzee, ikizimwa kila jioni na kukatiwa stima kila ilipopenda Nairobi, kwa hiyo fungu la kwanza lilichukua karibu wiki mbili. Nililichunga kama mtoto mgonjwa. Likafika mwisho, na hapo ndipo balaa lilipoanza, kwa sababu kuchambua ni jambo moja na kurudisha ni jingine. Siku za kazi Mwalimu Nyamweya alikalia saa za intaneti kama kuku mayai, hata kufungua ukurasa mmoja ilikuwa kuomba ruhusa. Lakini Mwalimu alikuwa Msabato. Jumamosi asubuhi alikuwa kanisani, na funguo zilikuwa kwetu. Kabla ya saa tano Mama Simiyu alizunguka sebuleni na angemwambia Mwalimu, lakini kuanzia saa tano alikaa nyuma, na sebule ilibaki yetu. Mapatano ya Mama Simiyu tuliyajua. Tuliambiana kwamba tunataka dakika kumi tu, na kwamba Simiyu hapigi siku hizi, na kwamba hata akipiga atapiga saa sita, sisi tutakuwa tumemaliza. Ukiwa na miaka ishirini sababu huja zenyewe.

Jumamosi ya kwanza modemu ilipiga, ikapiga ile kelele yake, ikaunganishwa, na kabla jibu halijatoka ikakatika. Kwenye kioo kukaandikwa kwamba programu imeshindwa kuifikia seva, ile kompyuta kuu ya ng'ambo, na itajaribu tena baadaye. Ikajaribu, ikakatika. Tulijaribu mara tano, mara tano zote ikakatika. Jumamosi iliyofuata vilevile, na iliyofuata. Nilianza kuiota. Tulipunguza kasi ya modemu. Tuliongeza alama za mkato kwenye namba ili modemu ingoje mlio kabla ya kupiga, kwa kuwa binamu wa Adhiambo alisema laini za mitaa yetu ya Eastlands hazipendi haraka. Tuligundua saa ya kompyuta imerudi nyuma miaka kumi na tisa kwa sababu betri yake ndogo imekufa, tukairekebisha kwa shangwe, ikakatika. Tulishuku joto, tukaiweka modemu juu ya kifuniko cha sufuria chenye maji baridi, na hapo Adhiambo akasimama akashika kiuno.

"Manze Mutheu, tumeanza kuipikia. Hii kitu inatubeba ufala, inatuona wajinga. Ni laini. Cheki, siku za wiki Mwalimu anaingia poa, akitoka anatoka mwenyewe. Ni Saturday tu."

Alisema kweli. Siku zote nawaambia vijana wangu, kabla ya kugusa mashine ulizeni kwanza ni nani mwingine yuko kwenye laini, na wananiona nina hekima. Hekima hiyo niliipata siku ile nilipomwacha Adhiambo kwenye kioo, nikatembea bila viatu koridoni mpaka kwenye pazia la chumba cha nyuma. Mama Simiyu alikuwa ameketi, amevaa gauni la kutokea, amejifunga kilemba kipya. Aliinua mkono wa simu polepole, akauweka sikioni kusikiliza kama laini ina uhai, akakutana na kelele za modemu yetu, akashtuka, akaurudisha taratibu kana kwamba amemkuta mtu akivaa. Sebuleni Adhiambo akalaani: imekatika. Baada ya dakika chache akauinua tena.

Naomba nisijifanye. Sikuona mama anayengoja mtoto. Niliona hitilafu, na furaha ya kuipata ilinijaa mpaka nikataka kupiga makofi. Na kwa kuwa hatungeweza kumwambia asiinue simu bila kukiri kwamba tunaiba saa yake, Ijumaa jioni, alipokwenda dukani, nilichukua kisu cha mezani, nikafungua skrubu mbili ndogo kwenye soketi ya sebuleni, nikautoa waya wa chumba cha nyuma, nikakunja ncha yake chini ya zulia. Adhiambo nilimwambia nimeondoa kelele kwenye laini. Hakuuliza zaidi, na hilo halikuwa kosa lake.

Jumamosi hiyo jibu letu lilitoka. Liliondoka Tena saa tano na dakika ishirini na tatu, na fungu jipya likaingia hatua kwa hatua kama maji ya mfereji wa asubuhi. Tulishikana mikono tukaruka bila sauti. Kitu chetu kimetoka! Mimi ambaye nilikuwa sijavuka hata Athi River kwenda popote, kitu nilichokichunga kimefika ng'ambo na kimepokelewa. Tulikata intaneti, tukabaki tunacheka ovyo, na baadaye kidogo nikiwa nafagia nikaona taa ndogo nyekundu ya modemu inawaka na kuzima, inawaka na kuzima, kwa mpangilio. "Cheki," Adhiambo alisema, "hata modemu inatushangilia." Nikaendelea kufagia.

Mama Simiyu alitokeza mlangoni. "Mutheu, mtoto wangu, simu yangu haina mlio. Yenu inafanya?"

"Hatujaiwasha, Mama. Ni huko nje. Wanachimba barabara, labda wamegusa waya. Watu wa simu watatengeneza."

Sikubabaika hata kwa neno moja. Alishukuru, akarudi chumba cha nyuma, na hakuacha kukaa. Alikaa na simu ambayo hata yeye alijua imekufa, akiinua mkono wake kila baada ya muda kuona kama imefufuka. Saa nane alitoka akatuletea chai. Jumatatu alitembea mpaka ofisi ya simu kupiga foleni, akarudi jioni miguu imevimba. "Wameipima. Wanasema iko sawa," alisema, akivua viatu jikoni. "Wananiona mimi mshamba." Nilijiambia nitaurudisha waya mara tu fungu la pili litakapomalizika, yaani wiki mbili tu.

Alhamisi walikuja akina mama wa kanisa. Walikuwa na zamu ya kuombea nyumba za wanachama wao, na Mama Simiyu alipoulizwa ana ombi gani, hakumtaja Simiyu. Alisema simu yake ni mbovu. Wangeweza kucheka, lakini hawakucheka hata mmoja. Nadhani wote walijua. Waliingia chumba cha nyuma wakajibana, wengine wamekaa kitandani, wengine wamesimama koridoni juu ya zulia lile lile, na wakaniita nami niungane nao kwa sababu hakuna mtu anayeachwa nje maombi yakianza. Waliiwekea simu mikono. Mama mmoja mnene kutoka mtaa wa Baba Dogo aliomba kwa dakika kumi, akamwambia Mungu afungue kila njia iliyofungwa na kila mkono uliofunga. Mkono wangu ulikuwa ndani ya mkono wa Mama Simiyu, mkavu na wenye moto. Nilijua kisu kiko kwenye droo gani. Ningeweza kusema wakati huo huo, mbele ya mashahidi kumi na wawili, na yote yangekwisha kwa kofi moja na kicheko. Wakasema amina, nami nikasema amina, tena kwa sauti.

Jumamosi ya pili tulisoma orodha ya majina tukijitafuta. Jumamosi ya tatu fungu la pili liliondoka, na tulipofungua orodha tukajikuta: Wasichana wa Tena, Kenya, mkiani kabisa mwa watu wasio na idadi. Adhiambo alilia. Mimi sikulia, nilikuwa nimeanza kuhisi kuwa nataka kuondoka kwenye chumba kile na sijui naenda wapi.

Jumatatu Mwalimu Nyamweya alisema anataka kuhesabu saa za intaneti za mwezi. Nilikumbuka kwamba programu ya modemu huandika kila inachofanya katika faili, kama daftari, kwa hiyo nilifika mapema ili nifute Jumamosi zetu. Nililifungua. Mlikuwa na muda tuliopiga, muda tuliounganishwa, muda tuliokata. Na chini ya kila Jumamosi tangu niutoe ule waya, baada ya sisi kukata intaneti, palikuwa na neno moja la Kiingereza ambalo modemu huandika mtu wa nje anapopiga simu kuingia: RING. Limeandikwa mara nyingi, moja chini ya jingine, kila moja na saa yake. Jumamosi ya kwanza lilianza saa sita na dakika nne. Ya pili saa sita na dakika mbili. Ya tatu saa sita kamili, likaacha, likaanza tena, likaacha, likaanza tena. Kengele ilikuwa kwenye simu ya nyuma, na simu ya nyuma nilikuwa nimeikata. Sebuleni mlio wote ulikuwa ile taa nyekundu. Nilichapa ukurasa ule, sijui kwa nini, nikaukunja nikautia kifuani, nikafuta faili, nikachukua kisu nikarudisha waya mahali pake. Skrubu moja ilidondoka mara mbili.

Saa nne Mama Simiyu aliinua mkono wa simu, akapiga ukelele ambao uliwatoa wanafunzi kwenye viti. Laini ilikuwa na mlio! Alicheza koridoni. Alisema Mungu ni mwema, na akina mama wa kanisa walirudi Alhamisi hiyo kutoa shukrani. Uongo wangu ukawa muujiza, na kila siku iliyopita ikawa vigumu zaidi kuugusa. Nilingoja Jumamosi nikijiambia kwamba Simiyu akipiga tena, basi hakuna kilichoharibika. Hakupiga. Mama yake alimwandikia barua kwenye bweni lake la zamani, ikarudi. Mwezi uliofuata barua yangu ya chuo kikuu ilifika, nami nikaondoka Tena kama mtu aliyefunguliwa mbwa.

Simiyu alirudi baada ya miaka minane, na mke na mtoto mmoja. Walilia, walikumbatiana, alichinjiwa, akajenga maisha yake hapa hapa Nairobi akawa mtoto mwema kwa mama yake. Niliwatembelea mara kwa mara, na nilizisikia habari zote mbili. Mama Simiyu aliniambia jikoni, akichambua mchicha, "Alinisahau miaka minane, lakini nilimsamehe. Nilimwambia asipige, naye akatii." Simiyu aliniambia akinisindikiza kituoni, "Nilipiga kuomba msamaha, Jumamosi tatu. Aliiacha simu ilie. Lakini nilishamsamehe, ni mama." Walisameheana makosa ambayo hakuna kati yao aliyeyafanya, na mimi nilikuwa nikitembea katikati yao na mkoba kwapani.

Matanga yalikuwa nyumbani pale pale, hema mbele ya mlango, viti vya kukodi, akina mama wa kanisa waliobaki wakiimba taratibu. Adhiambo, ambaye sasa ni msimamizi wa stoo ya kiwanda kimoja, alikuwa kwenye masufuria akiamrisha watu. Nilimwomba Simiyu tuingie ndani. Alinitangulia mpaka chumba cha nyuma, mwanaume wa miaka karibu hamsini mwenye ndevu za mvi. Simu nyeusi ilikuwa bado juu ya kigoda, imevikwa kitambaa kilichofuliwa juzi, ingawa laini yenyewe ilikufa miaka mingi iliyopita. Nikampa karatasi. Nilimweleza ni nini, bila kuzunguka, waya na kisu na orodha ya majina. Aliisoma akifuata mistari kwa kidole.

"Hii ya tatu," alisema, "nilipiga mara tatu mfululizo. Kulikuwa na foleni nyuma yangu, mtu ananigonga begani."

"Ndiyo. Ziko tatu."

"Nilidhani anaisikia." Aliketi ukingoni mwa kitanda. "Na yeye alikuwa wapi?"

"Hapo ulipoketi."

Alisimama haraka, kisha akaketi tena polepole. "Akifanya nini?"

"Ameshika mkono wa simu. Anasikiliza kama imerudi."

"Mpaka saa ngapi?"

"Saa nane. Kisha alituletea chai."

Nje waliimba ubeti mzima. Nilitaka anipige, au apaze sauti, nipate cha kubeba nikitoka. Aliikunja karatasi kwa mikunjo yake ya zamani, akaitia kwenye mfuko wa shati.

"Ungeniambia hata mwaka jana, Mutheu," alisema.

Mwaka jana, Krismasi, tulikula meza moja sebuleni pale, Simiyu upande mmoja, mimi upande mwingine, mama yake katikati akitugawia nyama kwa mkono. Karatasi ilikuwa mkobani, na mkoba nilikuwa nimeubana kwapani hata nikila. Mama Simiyu aliniangalia kwa muda, akacheka, akanigusa bega. "Weka mkoba chini ule vizuri, mwanangu," aliniambia. "Hapa hakuna mwizi."